Wapangaji wa Roshani

Herufi ya mwisho ilipofungwa juu ya mlango mkuu, Rangi alivuka barabara akasimama upande wa pili, mikono kiunoni, kuitazama kazi yake. ROSHANI. Chuma cha rangi ya chungwa lililoiva, juu ya ukuta mweupe ambao hadi juzijuzi ulikuwa wa kijivu na umeota ukungu kama mkate uliosahauliwa kabatini.

Kwa miaka mingi jengo lile lilikuwa ofisi za shirika moja la bima, na watu wa mtaa walizoea kuliita Friji. Madirisha yalikuwa madogo, korido zina baridi, na ilisemekana kwamba faili lako likishaingia mle ndani linagandishwa, hulioni tena. Sasa madirisha yalikuwa yamepanuliwa, kila ghorofa imewekewa roshani inayotazama barabara, na kazi ya Rangi ilikuwa kulitafutia jengo jina jipya, nembo, rangi na vibao vyote, ili wapangaji wa kisasa wasahau kabisa kwamba kulikuwa na Friji.

Jina alilopewa na wazazi wake halikuwa na mtu wa kulitumia tena. Hili la Rangi lilitoka shuleni, kwa sababu vidole vyake havikukosa wino, na lilimganda hata baada ya kufungua karakana yake ya mabango nyuma ya duka la vioo. Hakuwahi kupata kazi kubwa kama ile ya Roshani.

“Dada Rangi, umetisha!” Meneja wa jengo alikuwa amemfuata hadi ng'ambo ya barabara. Alikuwa mwanamume mwembamba, nadhifu kupita kiasi, mwenye tabia ya kukukamata kiwiko anapoongea nawe, kama anayeogopa utamponyoka. “Sasa nataka vibao vya milango. Vyote, wiki hii.”

“Milango ipi? Si jengo bado tupu?”

“Tupu lini? Wapangaji wameshaanza kuingia. Mawakili wamo, watu wa vifaa vya hospitali wamo, watu wa kompyuta ndio usiseme. Jina ulilolipa jengo linauza, dada.”

Rangi alitabasamu, lakini kuna kitu kilimkwaruza moyoni. Mwisho wa wiki iliyopita alikuwa mle ndani akipima kuta, na hakuona chochote ila ndoo za rangi na mafundi waliolala juu ya maboksi. Lori la kuhamisha mizigo hakuliona. Hata mtu aliyebeba kiti kichwani hakumwona. Kisha akajisuta mwenyewe. Mtu kazi yako imefanikiwa, badala ya kushukuru unatafuta mdudu kwenye embe zima.

Jioni alipitia kwa dada yake.

Dada yake alikuwa daktari wa meno, na kliniki yake ilikuwa juu ya karakana ya kuchomea vyuma. Mgonjwa akishafungua kinywa, hajui kama kinachokerezwa ni jino lake au geti la mtu huko chini. Kwa muda mrefu dada huyo alikuwa akitafuta pa kuhamia, na kila alipopelekwa alirudi amekunja uso. Pale mabomba mabovu, pale ngazi za giza, pale mwenye nyumba macho juujuu.

“Dada, njoo uone Roshani,” Rangi alimwambia. “Safari hii huna la kulalamikia.”

“Si lile Friji?”

“Lilikuwa. Sasa hivi limejaa watu wa maana. Mawakili, watu wa vifaa vya hospitali. Utapata na majirani wa kazi yako.”

Dada alivua barakoa, akamgeukia mdogo wake. “Ukisema wewe, nitakuja,” alisema. “Wengine wote wanataka kuniuzia mbuzi kwenye gunia.”

Walikwenda siku ya pili yake asubuhi. Meneja aliwapokea mlangoni, akamshika dada kiwiko, akawapandisha hadi ghorofa ya pili, kwenye ofisi ya mawakili. Ndani vijana waliovaa suti walikuwa wameinamia kompyuta, vidole vikikimbia. Hakuna aliyeinua kichwa. Mwanamke mmoja mnene, amevaa suti nyeusi, aliwajia mkono umenyooshwa.

“Karibuni, majirani! Kesi za meno sisi hatuzitaki, zina uchungu mno!” Akacheka.

Kicheko kile kilianzia chini kama mtu anayekohoa, kikapanda, kisha kikakatikia juu kwa mlio wa bawaba isiyotiwa mafuta. Ukikisikia mara moja hukisahau.

Meneja hakuwaacha wakae. Aliwapitisha kwenye roshani wakaona barabara, akawaonyesha jiko dogo la pamoja, akaongea nao mfululizo hadi ghorofa ya nne, kwa wauzaji wa vifaa vya hospitali. Huko walimkuta mwanamke amejitanda mtandio, amevaa miwani mikubwa, anaongea na simu huku amewapa mgongo.

“Daktari anauliza kama mna glavu,” meneja alisema.

Mwanamke aligeuka. “Glavu? Tunazo za kila saizi, daktari, hata za miguuni!” Akacheka.

Kikohozi chini, kikapanda, bawaba juu.

Dada naye alicheka. Rangi alikitambua kicheko. Alishusha macho, akaona viatu: vya bluu, vimelika kisigino upande mmoja, vilevile alivyoviona ghorofa ya pili. Akageuza macho kwingine ili asionekane anakodoa, na hapo akaiona printa kubwa juu ya meza ya kona. Kifuniko chake bado kilikuwa kimebanwa kwa utepe wa chungwa, ule unaobandikwa kiwandani ili mashine isifunguke njiani.

“Printa hii inafanya kazi?” alimwuliza kijana aliyekaa karibu nayo.

“Kutwa nzima,” kijana alijibu bila kusita. “Haipumziki.”

Ndani ya lifti Rangi aliuliza, kama mtu anayepiga soga tu, “Yule mama wa glavu ana pacha wake kwa mawakili?”

Mkono wa meneja ulimbana kiwiko. “Watu wanafanana, dada Rangi. Hata mimi nimeshaambiwa nafanana na mchezaji mpira.”

Chini, kwenye mapokezi, uso wa dada uling'aa kwa namna ambayo Rangi hakuwa ameiona kwa miaka. “Nataka ile ya ghorofa ya tatu,” alisema, “yenye jua la asubuhi.”



Kutwa ile machale yalimcheza. Labda kweli ni ndugu. Labda printa imekuja jana na kijana aliona aibu kusema. Lakini kila alipojiliwaza, aliviona vile viatu vya bluu. Mwishowe aliamua kufanya jambo ambalo, lau mtu angemwuliza, asingeweza kulieleza. Alikaa kwenye mashine yake ya kukatia herufi, akatengeneza kibao cha mlango, kizuri, chenye nembo ya samaki mwenye mapezi marefu, kwa sababu kazi ya nusunusu hakuijua. Kiliandikwa: SAMAKI WA MAPAMBO, JUMLA NA REJAREJA.

Kesho yake akakipeleka ghorofa ya pili, akakifunga kwenye mlango wa mawakili.

Kijana mmoja mwenye tai alitoka kumshikilia mlango alipokuwa akitoboa. Alisubiri hadi skrubu ya mwisho ikazwe, akarudi nyuma hatua kidogo, akakitazama.

“Kimekaa sawa?” Rangi aliuliza.

“Kimenyooka kabisa. Kimependeza, dada.” Akaingia ndani, akafunga mlango, na vidole vikaanza tena kukimbia kwenye kompyuta.

Rangi alikaa kwenye ngazi. Alikuwa ametamani mtu mmoja, mmoja tu, atoke amfokee.

Badala yake alisikia kicheko. Mwanamke wa suti nyeusi alikuwa ametokea nyuma yake, viatu vya bluu mkononi, amejishika ukuta, machozi yanamtoka.

“Nani katufanya wauza samaki?”

“Mimi,” Rangi alisema. “Na wewe ni nani? Mwanasheria au muuza glavu?”

Kicheko kilikatika. Mwanamke aliangalia huku na huku, kisha akakaa karibu naye, akaanza kujikanda nyayo.

“Mimi ni mshereheshaji wa harusi,” alisema kwa sauti ya chini. “Msimu huu harusi hakuna. Meneja akasema anatafuta watu wa kuigiza tangazo la jengo. Mkae, muandike, mpokee wageni.”

“Tangazo halina kamera?”

“Hata mimi niliuliza. Akasema zimefichwa.” Alishusha pumzi. “Siku ya kwanza nilimwamini. Siku ya pili niliamua kumwamini.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka waje wanunuzi. Mwenye jengo anataka kuuza. Kuna chama cha wauguzi wastaafu kinataka jengo lenye wapangaji, kodi iwe inawatunza uzeeni. Wakishasaini, sisi tunavua suti, tunarudi makwetu.”

“Na mpangaji wa kweli, hata mmoja, yupo?”

Mwanamke alifikiri. “Nasikia yupo daktari mmoja wa meno. Anakuja kusaini siku hiyohiyo ya wageni.”

Rangi aliinuka kama aliyechomwa na sindano.

Alimkuta meneja chini ofisini kwake, ananyoosha picha ukutani. Hakuzungusha maneno. Alimwambia yote aliyoyajua, ila hakumtaja aliyemwambia.

Meneja hakukana. Hata kiwiko hakumshika. Alifunga mlango taratibu, akageuka.

“Dada Rangi, uliwahi kuingia kwenye mgahawa usio na mtu? Si unapita mbele? Mimi naweka watu kwenye meza, basi. Wa kweli wakiona, watakuja.”

“Na wauguzi? Wakishanunua, watakula nini? Suti?”

“Wewe ulilipwa utengeneze nini hapa?” Aliuliza kwa upole, kana kwamba anataka kujua kweli. “Ulilipwa watu wakipita wasione Friji. Kuta ni zilezile, mabomba mengi ni yaleyale. Wewe umebadilisha jina, mimi nimebadilisha sura. Nionyeshe ulipopita mpaka kati yako na mimi.”

Rangi alifungua mlango akatoka, swali hilo likimfuata.

Alikwenda moja kwa moja kliniki. Dada yake alimsikiliza amesimama, anasuuza mikono, na kadiri Rangi alivyoeleza ndivyo maji yalivyozidi kumwagika bure.

“Tangu juzi unaniimbia Roshani, Roshani,” dada alisema hatimaye. “Nimeshawaambia wagonjwa wangu. Nimeshampa notisi mwenye nyumba. Leo unaniambia ni maigizo?”

“Nimeona kwa macho yangu, dada.”

“Hata juzi uliona kwa macho yako! Ukasema watu wa maana!” Akafunga bomba kwa nguvu. “Umegombana na meneja juu ya kazi yako, sasa unataka na mimi nikose. Nakujua tangu unajifunza kutembea, mdogo wangu. Ukinuna, lazima nyumba nzima inune.”

“Mbona anataka usaini mbele ya wageni? Hujajiuliza?”

“Kwa sababu ni heshima,” dada alisema. “Jambo ambalo wewe hulielewi.” Na chini yao fundi akaanza kukata chuma, maneno yakawa hayasikiki tena.

Njiani kurudi, Rangi aliwaza kuwatafuta hao wauguzi, lakini hakujua wanapatikana wapi, na hata angewapata, nani angemwamini mtu aliyetengeneza kila bango la Roshani? Aliwaza kusimama mlangoni siku hiyo apige kelele. Lakini alijijua: mbele za watu ulimi wake huwa mzito kama umefungiwa jiwe. Kitu alichokiweza tangu utoto ni kuandika maneno yakasomeka kwa mbali.

Siku ya wageni alifika mapema na boksi la vibao na drili yake. Mlinzi alimfungulia bila kuuliza, kwani alishamzoea, na vibao vya milango vilikuwa vikisubiriwa. Alianza ghorofa ya pili, akakitoa kile cha samaki, akapanda. Waigizaji walioanza kuingia walimsalimia, wakampisha, wakakaa kwenye meza zao. Hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo kusoma anachokifunga.

Wauguzi wastaafu walikuja kundi zima, wengi wao wanawake, wamevaa nguo za kutokea. Mwenyekiti wao alikuwa mama mfupi aliyewahi kuwa mkuu wa wodi. Alitembea polepole, na macho yake yalipita juu ya kila kitu kama kidole kinachopima vumbi. Dada alikuwa nao, amejipamba, kalamu yake nzuri mfukoni. Meneja aliwatangulia, anacheka, anaeleza habari za jua na hewa safi.

Walipotoka kwenye lifti ghorofa ya pili, akanyamaza.

Mlango wa kwanza ulikuwa na kibao kipya, herufi za chungwa, mtindo uleule wa jina la jengo: NAFASI IPO. Na chini yake kwa herufi ndogo: Chumba hiki bado hakijapata mpangaji. Karibu.

“Ah, mafundi hawa!” meneja alisema, akausukuma mlango haraka. “Kibao cha zamani, wamesahau kukitoa. Tazameni, ndani pamejaa.”

“Si cha zamani,” mama mwenyekiti alisema. “Vumbi la kutobolea liko hapa chini, bado jeupe.” Akatazama mlango wa pili. NAFASI IPO. Akatazama wa tatu, wa nne, hadi mwisho wa korido, ambako Rangi alikuwa ameshuka tena, amesimama na drili mkononi. Hakuwa amejificha. Dada yake alimwona, na kalamu aliyokwisha kuitoa ikarudi taratibu mfukoni.

Mama mwenyekiti aliingia ndani, akamwendea kijana mwenye tai.

“Mwanangu, unafanya kazi gani hapa?”

“Shikamoo, mama. Mimi ni mwanasheria.”

“Marahaba. Hongera sana. Ofisi yenu inaitwaje?”

Kijana alifungua kinywa. Siku zote hizi hakuna aliyemwambia. Akafanya ambacho mtu yeyote angefanya, akainua macho asome mlangoni. Na midomo yake ikasema polepole, kabla akili haijaizuia, “Nafasi...”

Hapo kicheko kikalipuka. Mwanamke wa suti nyeusi alikuwa amejiziba kwa mikono yote miwili, lakini hakikuzuilika, kikatoka puani, kikapanda, kikakwama juu, na safari hii kikaishia kwenye kilio.

“Mama, tusameheni,” alisema, akifuta uso kwa mkono wa koti. “Sisi si wa hapa. Mimi ni mtu wa maharusi. Hawa vijana ni wa kikundi cha maigizo. Hakuna ofisi humu, hata moja.”

Meneja alianza kusema ni mfano tu, ni maonyesho, kila mtu mjini anafanya. Aliongea huku anarudi nyuma, na alipofika kwenye lifti hakuisubiri, alishuka ngazi. Walisikia viatu vyake hadi chini.

Wauguzi hawakupiga kelele. Mmoja aliomba maji. Mwingine alikaa kwenye kiti cha mwanasheria, akavua viatu. Mama mwenyekiti alimwita Rangi kwa kidole.

“Vibao hivi umeandika wewe?”

“Ndiyo, mama. Mimi.”

“Na yale maneno makubwa kule nje, yaliyotufanya tushuke kwenye gari tukashangilia?”

“Hayo pia ni yangu.”

Mama alimtazama kwa muda mrefu, jicho la mtu aliyezoea kugundua nani kameza dawa na nani kaificha chini ya ulimi. “Basi nusu nakushukuru,” alisema, “na nusu bado nakuchunguza.”

Wauguzi walilinunua jengo baadaye, kwa bei ya jengo tupu, baada ya kulikagua wenyewe hadi kwenye matangi ya maji. Jina hawakulibadilisha. Wapangaji waliingia mmoja mmoja, polepole. Mshereheshaji alipata msimu wa harusi, akaapa hatavaa suti ya mtu tena. Meneja alisikika yuko upande mwingine wa mji, ana jengo jingine, na kila Rangi alipoona bango linalong'aa alijikuta anatazama madirisha ya juu, kama kuna kivuli cha mtu anayetembea.

Dada yake hakuongea naye kwa muda. Mwenye nyumba alikuwa amekubali kumrudishia chumba, kwa masharti mapya yaliyomuudhi. Alipompigia Rangi mwishowe hakutaja Roshani wala hakuomba radhi, na Rangi hakuzidai. Alisema tu kwamba amepata chumba kingine, barabara ya soko, kwenye jengo dogo la ghorofa moja, na kwamba mwenye jengo anaonekana mtu mwema.

“Anaonekana,” Rangi alisema.

“Ndiyo maana nakupigia.”

Walikutana pale mchana, jua kali. Mwenye jengo, mzee aliyevaa kanda mbili, aliwakabidhi ufunguo akawaacha wapande wenyewe. Juu kulikuwa na milango miwili, na nyuma ya ule wa jirani walisikia cherehani inaenda, inasimama, inaenda tena. Dada alishika ufunguo bila kuuingiza kwenye kitasa.

“Kwa jirani kwanza,” alinong'ona. “Gonga wewe.”

Rangi alisogeza sikio karibu na mbao, akasikiliza kidogo, kisha akagonga.